Watu wa Mapango wa Kariobangi

Kilichotukutanisha ni kabidi. Mafundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi Light huinunua kwa kilo na kuifungia kwenye mkebe isipate unyevu, kwa kuwa ikiguswa na maji tu hutoa gesi ya asetilini, na gesi hiyo ndiyo inayoyeyusha chuma. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikingoja madirisha ya mteja wangu. Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka Buruburu alikuwa amesimama karibu na mtungi akingoja lango la nyumba yake. Fundi alipofungua mkebe, Mwalimu alivuta pumzi, uso ukamchangamka, akasema, "Fundi, hii ndiyo iliyokuwa harufu ya mapango dunia nzima."

Fundi akaacha kazi. Alichukua kipande kidogo kuliko ukucha, akakiweka ndani ya kizibo cha soda, akadondosha maji kwa ncha ya kidole. Kikatokota, harufu kali ya kitunguu saumu ikapanda, akawasha kibiriti, na mwale mweupe wenye moshi mweusi ukasimama juu ya kizibo. Mwalimu akatueleza taa ambazo wachunguzi wa mapango walizitumia kwa sehemu kubwa ya karne ya 20: chumba cha maji juu, chumba cha kabidi chini, tone likifuata tone, gesi ikitokea kwenye tundu jembamba lililo mbele ya kisahani cha kuakisi mwanga, na vyote vimefungwa kwenye kofia. Ukitaka mwanga zaidi unaachilia maji zaidi. Kabidi ikiisha inabaki chokaa nyeupe, na mtu mwenye adabu huifunga mfukoni akatoka nayo, maana ni sumu kwa vijidudu vinavyoishi humo ndani.

"Na ikizima ukiwa huko chini?" Fundi akauliza.

Swali hilo lilituweka pale mpaka mabanda ya jirani yakafungwa. Madirisha yangu hayakuguswa siku hiyo.

Tangu hapo Jumamosi zetu zina mahali pa kwenda. Nyuma ya safu ya mabanda ya mafundi kuna kibanda cha chai cha mabati, chenye benchi mbili na meza iliyochomelewa na Fundi mwenyewe, na mama mwenye kibanda hatufukuzi hata chai ikiisha. Sisi si wengi. Sista ni muuguzi katika zahanati moja ya Kayole. Konda hufika akishapokezana gari na mwenzake, bado ana noti zimekunjwa kati ya vidole. Kijana anasomea jiolojia katika kampasi ya Chiromo na hulala kwa shangazi yake Umoja. Mimi huitwa Ramani, kwa kuwa riziki yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nairobi hii watu watano wakikalia benchi moja mara mbili, ya tatu huwa ni chama chenye mweka hazina na faini ya kuchelewa. Sisi tulikataa. Hakuna mwenyekiti, hakuna ajenda, na mtu anaweza kuja akanyamaza kutwa nzima akaenda zake bila kuulizwa.

Nasema haya kwa sababu wanaotusikia tukisema tunaingia mapangoni huuliza mara moja kuhusu kamba na taa. Kamba na taa tunazo. Lakini baada ya miaka ya kwenda na kurudi salama, nina hakika kwamba kinachotulinda zaidi ni yale mazungumzo ya chai, yale yasiyo na kichwa wala mkia, ambayo mpita njia angeyaita porojo.

Chukua suala la namna pango linavyozaliwa. Wengi wetu tulijua mapango ya pwani, yaliyolika na maji ndani ya chokaa na matumbawe, kama yale ya Shimoni, au Amboni kule Tanga. Mapango yaliyo karibu na Nairobi ni ya ukoo mwingine, na Kijana ndiye aliyetufungua macho. Siku hiyo mama mwenye kibanda alikuwa ametuletea uji, na ulikuwa umekaa mezani ukasahaulika. Kijana akavuta kikombe. "Angalieni utandu huu. Juu umeshapoa na kushikana, chini bado ni moto, unatiririka." Akatoboa upande mmoja wa utandu kwa kijiti, akakiinamisha kikombe, uji ukatoka taratibu na utandu ukabaki ukining'inia juu ya nafasi tupu. Lava hufanya vivyo hivyo: uso wake hupoa na kuwa paa, mto wa moto huendelea kukimbia chini yake, na chanzo kikikauka bomba hubaki wazi. Baadaye sehemu za paa huanguka, na hayo maanguko ndiyo milango tunayoingilia.

"Kwa hivyo tunaingia mahali ambapo paa lilishashindwa," akasema Fundi.

Kijana akanyamaza kidogo. "Ndiyo."

Sentensi hiyo moja ya Fundi ilitufundisha kutazama juu kabla ya kutazama chini. Haikutoka kwenye mafunzo yoyote. Ilitoka kwa mtu anayechomelea paa za watu, aliyekuwa na nafasi ya kufikiri kwa sauti.

Kutoka kwa uji mazungumzo yalihamia kwenye kuta. Mawe ya kuchongwa yaliyojenga nyumba nyingi za Eastlands ni majivu ya volkano yaliyogandamana, yaliyotapikwa enzi za kupasuka kwa Bonde la Ufa. Yalichimbwa Mathare, yakachimbwa Njiru na Kayole, na jaa la taka la Dandora limekalia shimo la machimbo ya zamani. Kijana aliposema hivyo, kila mmoja wetu alikuwa na shimo lake la kusimulia. Konda alikulia ukingoni mwa machimbo ya Kayole. Alijua ukuta upi hudondosha mawe mvua ikinyesha, na ni wapi maji hutuama yakawa na kina kinachodanganya macho. Alikuwa anasoma miamba tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni maarifa. Jioni hiyo Mwalimu alimsikiliza kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo Konda akisema ukuta fulani haumpendezi, hakuna anayeuegemea.

Pango letu la kwanza lilikuwa karibu kabisa na mjini: yale ya Msitu wa Karura, yanayoitwa mapango ya Mau Mau. Mzee mmoja wa Bahati alikuwa ametupa hamu. Alikuwa mtoto tarehe 24 Aprili 1954, siku Waingereza walipouzingira mji kwa Operesheni Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwakusanya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru, na maelfu wakapelekwa kuzuiliwa Manyani na Mackinnon Road. Mzee aliketi nasi mara moja tu, akakunja mikono juu ya bakora, akasema watoto wa Bahati waliwasikia wakubwa wakinong'ona kuhusu msitu, kwamba ardhi ya huko ina matumbo na matumbo hayo huwaficha watu. Karura si pango la kumtia mtu jasho. Kuna mteremko, maporomoko ya maji, kisha milango ya miamba ambayo watoto wa shule huiingia wakipiga kelele. Lakini Sista alisimama mlangoni kwanza, akaomba tukae kimya kidogo kwa ajili ya waliolala humo kwa hofu, na sote tukakaa kimya. Msitu huo ulinusurika kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990, wakapigwa humo humo. Anayeingia bila kujua hayo ameona nusu ya mahali.

Suswa ndiyo iliyotufanya watu wa mapango kweli. Mlima huo uko upande wa Narok, ndani ya Bonde la Ufa, volkano yenye bakuli mbili, moja ndani ya nyingine, na kwenye bakuli la nje kuna mtandao wa mabomba ya lava yenye milango mingi. Unatoka Nairobi kwa gari la Narok, unashuka mji wa Suswa, unatafuta usafiri wa kupanda, na vumbi hukusindikiza mpaka juu. Wenyeji ni Wamaasai, na hifadhi ni yao. Tulipofika mara ya kwanza, Mwalimu alituzuia kushusha mizigo kabla hatujasalimiana na mzee aliyekuwa ameketi chini ya mti. Salamu zile zilichukua muda: ng'ombe, mvua, watoto, Nairobi kuna bei gani. Mzee alituonyesha mabomba wanayotegea mvuke unaotoka ardhini ili upoe na kudondoka uwe maji ya kunywa, kwa kuwa juu ya mlima hakuna mto. Fundi aliuchunguza ule mfumo kwa macho ya mtu wa kazi, akauliza jinsi wanavyozuia kutu, na wawili hao wakasahau kwamba sisi wengine tulikuja kuona mapango. Ni mzee huyo aliyetuambia, tulipokuwa tukiaga kuelekea milangoni, kwamba shimo fulani lenye mti wa mkuyu tusiliingie wiki hiyo, kwani chui amezaa humo. Hakuna ramani yenye habari hiyo.

Ndani ya mapango ya Suswa kuna ukumbi unaoitwa Bunge la Nyani. Paa lake limefunguka, mwanga unashuka kwa mshazari, na nyani huja jioni kulala kwenye vijukwaa vya mawe ambapo chui hafiki kwa urahisi. Mawe hayo yamesuguliwa na makalio na viganja vya nyani kwa vizazi visivyohesabika mpaka yanang'aa. Niliweka kiganja changu juu ya jiwe moja. Lilikuwa baridi, laini kabisa, lenye kibonde kidogo katikati, na pembeni yake mwamba ule ule ulikuwa na makali ya kukata ngozi. Nilikaa pale muda mrefu kuliko wenzangu walivyotaka. Nimechora majengo maisha yangu yote, na sijaona ngazi ya binadamu iliyotumika kwa uaminifu kiasi hicho.

Watu hutuuliza kwa nini mtu aliyelala na ndugu zake wanne chumba kimoja huko Maringo alipe nauli akajibane tena chini ya ardhi. Jibu langu ni giza. Umoja, usiku kucha, taa ya mulika mwizi inapenya pazia. Kuna redio ya jirani, jenereta ya baa, mahubiri, magari ya alfajiri. Tulipozima taa zote mara ya kwanza huko Suswa, ndani kabisa ambapo hakuna popo wa kusumbua, nilisikia damu yangu masikioni. Hakuna aliyesema neno. Halafu Konda, ambaye sauti ndiyo kazi yake, akaanza kuita vituo vya Barabara ya Jogoo polepole: City Stadium, Maringo, Jericho, Hamza, Donholm. Lava ilimrudishia kila jina kwa uzito. Sista alicheka, kisha nikasikia analia kidogo, na hakuna aliyewasha taa mpaka yeye mwenyewe aliposema tuwashe.

Safari hiyo hiyo ndiyo iliyonionyesha thamani ya benchi letu. Tulikuwa kwenye mpito mwembamba, tunatambaa kwa viwiko, Fundi mbele, mimi nyuma na futi ya kupimia na dira shingoni. Sakafu ilikuwa ya kinyesi cha popo kilichokauka, na kila aliyesogea alitimua vumbi. Sista akasimama. "Ndugu zangu, mimi hapa natosheka."

"Sawa, Sista," Fundi akajibu kutoka mbele. "Tunageuka."

Basi. Hakuna aliyeuliza sababu, hakuna aliyesema zimebaki mita chache. Tulirudi kinyumenyume mpaka tukapata nafasi ya kugeuka. Nje, tulipokuwa tunakunywa maji, ndipo alipoeleza: kifua kilianza kumbana, na akakumbuka kwamba kinyesi cha popo huotesha kuvu waletao histoplasmosi, ugonjwa wa mapafu ambao daktari asiyejua ulikotoka anaweza kuutibu kama kifua kikuu. Tangu siku hiyo tunavaa barakoa za vumbi, na sehemu kavu zenye kinyesi kingi tunaziacha.

Nimeifikiria sana ile "sawa" ya Fundi. Iliwezekanaje kuwa fupi hivyo? Kule kwenye benchi Sista amemkatiza Mwalimu mara nyingi, amepinga, ameomba jambo lirudiwe, amesema hajaelewa, na hakuna aliyewahi kumfanya ajute. Alikuwa na mazoea ya kusikilizwa. Aliyezoea kusikilizwa juu ya chai hahitaji ujasiri wa pekee ili aseme ukweli akiwa amelalia tumbo ndani ya mwamba.

Upande wa pili wa jambo hili niliuona nilipokwenda na kundi jingine, watu wazuri waliokutana asubuhi ile ile kituoni. Walikuwa na vifaa bora kuliko vyetu. Tulipokuwa tumeshakwenda mbali ndani, niligundua kwamba kijana aliyekuwa mbele yangu anatembea kwa kufuata mwanga wa taa yangu. Yake ilikuwa imefifia tangu karibu na mlangoni, na ya akiba hakuwa nayo. Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Sikutaka kuwachelewesha," akasema, kwa sauti ya chini asisikike na wengine. Nilimpa moja ya taa zangu tukatoka salama. Hakuwa mzembe. Alikuwa miongoni mwa watu ambao hajawahi kuwaambia lolote dogo, na jambo kubwa lilikosa njia ya kupita.

Taa zenyewe, kwa kuwa nimezitaja: kila mmoja wetu hubeba tatu. Fundi hutengeneza za kichwani kutoka kwa betri za kompyuta zilizotupwa. Huzivunja, huzipima moja moja kwa mita, huweka kando zilizochoka, na zile nzima huziunganisha na balbu ndogo ndani ya bomba la plastiki lililozibwa kwa gundi. Ovaroli na viatu vyetu ni vya Gikomba. Helmeti za bodaboda tulizikataa mapema, ni nzito na zinaziba masikio. Tunatumia za mjengo, zenye mkanda wa kidevuni. Na hatuingii popote kabla hatujamwambia mtu aliyebaki nje saa tutakayotoka.

Kitum tumeizungumza kuliko tulivyoweza kuifikia. Pango hilo la Mlima Elgon huingiliwa na ndovu usiku, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, kwenda kung'oa kwa pembe mwamba wenye chumvi ya sodiamu na kuutafuna. Kuta zina makovu ya pembe hizo. Konda alikuwa ameokota kwenye vitabu vya inama, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara, kile kitabu cha Richard Preston cha 1994, The Hot Zone, akakisoma usiku kucha, akaja Jumamosi akisema hataki kusikia habari za popo tena maishani. Sista alimketisha. Alimweleza kwa utaratibu. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alizuru Kitum, akaugua homa kali ya kirusi cha Marburg, akafia Nairobi. Daktari aliyemhudumia, Dkt. Shem Musoke, aliambukizwa akapona. Mwaka 1987 mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark, naye aliyekuwa amezuru pango hilo, alifariki kwa homa hiyo hiyo. Wanasayansi waliokwenda Kitum mwaka uliofuata hawakupata kirusi hicho. Jibu lilikuja kutoka Uganda, baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka kuugua mwaka 2007: kirusi kilikuwa ndani ya popo walao matunda wanaolala mapangoni kwa maelfu.

"Popo ni popo," Konda akasema.

"Hapana. Wa Suswa ni wala wadudu. Lakini wote tunawaachia nafasi yao, hatuwashiki, na palipo na wale wa matunda hatuingii. Ukiogopa, Konda, ogopa kwa kujua."

Ninaikumbuka kauli hiyo kila ninapoona mtu akitishwa au akitiwa moyo kwa uvumi. Konda hakuacha mapango. Alianza kuuliza kila mwenyeji tunayekutana naye, popo wa hapa wanakula nini, na ameshatuzuia kuingia mahali pamoja ambapo jibu halikumridhisha.

Mwalimu ana ndoto yake, nayo ni Leviathan, katika vilima vya Chyulu. Ni bomba la lava lenye zaidi ya kilomita 11 zilizopimwa, miongoni mwa marefu kabisa Afrika. Lilipimwa miaka ya 1970 na watu wa Cave Exploration Group of East Africa, kikundi kilichoundwa Nairobi miaka ya 1960, miongoni mwao Jim Simons, ambaye jina lake utakutana nalo kila unaposoma habari za mapango ya Kenya. Mimi huyatazama yale waliyochora kwa heshima ya mtu wa kazi moja nao. Najua maana ya kushika mwisho wa futi gizani, kusoma dira iliyowekwa mbali na chuma kwa mwanga wa taa, na kuandika tarakimu kwenye karatasi yenye unyevu huku mwenzako akisubiri. Wao walifanya hivyo kilomita baada ya kilomita. Mapango yetu yalikuwa na mashabiki wake Nairobi kabla baadhi yetu hatujazaliwa, ila habari hizo hazikuvuka kufika Jogoo Road.

Chyulu pia ndiyo iliyozua mjadala mtamu kuliko yote niliyowahi kusikia pale. Kijana alisema vilima hivyo havina mito, kwa sababu lava ina matundu na mvua yote huzama, ikasafiri chini ya ardhi, ikachipuka Mzima Springs ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka hapo kuna bomba linalopeleka maji Mombasa. Mama mwenye kibanda, aliyekuwa anaosha vikombe, akageuka. Dada yake anaishi Changamwe. "Kwa hivyo dada yangu anakunywa mvua ya Chyulu?" Tukamwambia ndiyo, kwa sehemu. "Na msitu wa huko juu ukikatwa?" Hapo Kijana akavuta benchi na kumkaribisha aketi, na ilikuwa mara ya kwanza yeye kuketi nasi. Alitupa saa nzima ya maswali ambayo hatukuwa tumeyafikiria.

Tunabishana pia, na bishano moja halijaisha. Ni kuhusu kutangaza mahali mapango yalipo. Kijana anasema nchi isiyojua mapango yake haiwezi kuyatunza. Fundi anakumbusha ukuta mmoja tuliouona umeandikwa majina ya wapenzi kwa rangi ya kopo, na chupa zilizovunjwa chini yake. Mimi niko na Fundi. Naamini pango lina haki ya kumjua anayeingia, na njia ya kweli ya kulifikia ni kupitia kwa watu wanaoishi juu yake, wale wanaojua chui amezaa wapi. Anayepewa njia na mzee chini ya mti huingia akiwa na deni. Anayepewa na picha ya simu haoni deni lolote.

Sista huwa hajiungi na bishano hilo. Yeye alituletea lake, habari ya Panga ya Saidi kule Kilifi, iliyotangazwa na jarida la Nature mwaka 2021: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa pangoni miaka 78,000 iliyopita, kaburi la binadamu la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika. Watafiti walimwita Mtoto. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na namna kichwa kilivyokaa iliwaonyesha kwamba kilikuwa kimewekewa kitu cha kukiegemeza, huenda mto. Sista amepokea watoto wengi mikononi mwake, na wengine amewafunga sanda. Alitusomea habari hiyo kwenye simu, akafika pale pa mto, akashindwa kuendelea. Mwalimu alichukua simu akamalizia kusoma. Fundi, ambaye alimzika binti yake na hakuwa amewahi kulitaja jambo hilo mbele yetu, alilitaja siku hiyo. Alitusimulia alivyomtandikia.

Sasa vijana wa mtaa wameanza kuomba kuja nasi. Wazazi wao huja kwanza, kuangalia sisi ni watu gani, na tunawakaribisha chai. Sharti letu ni moja: kijana aketi nasi Jumamosi kadhaa kabla ya safari yoyote. Wengine huchoka mapema, huona tunazungumza tu, hatuonyeshi kamba. Binti mmoja wa Dandora alikuja akakaa kimya wiki nyingi, kalamu mkononi. Juzi Mwalimu alikuwa anaeleza kwa nini hewa huvuma kutoka kwenye milango ya mapango, na binti huyo akainua kichwa akasema, "Mwalimu, samahani, lakini wiki iliyopita ulisema kinyume." Mwalimu akafikiri, akaomba daftari la binti, akasoma alichokuwa amesema, na wakaanza upya pamoja. Fundi ameshaanza kumtengenezea taa.